Percy Hobart: jenerali wa vifaru aliyeachishwa kazi, akawa koplo wa mgambo, kisha akarudi

SWALI: Mheshimiwa mtaalamu, nimesikia mara kadhaa habari za jenerali mmoja wa Uingereza, Hobart, aliyeunda divisheni ya vifaru kule Misri, akaondolewa kazini miezi michache tu baada ya vita kuanza, akaingia mgambo wa kijijini kwake kwa cheo cha koplo, kisha Churchill akamrudisha na akabuni vile vifaru vya ajabu vilivyotua Normandy. Je, habari hizi ni za kweli au zimetiwa chumvi? Na kama alikuwa hodari kiasi hicho, kwa nini wakubwa wake walimwondoa?

JIBU: Ndugu msomaji, karibu kila tukio ulilolitaja lilitokea kweli, isipokuwa hilo la kubuni vifaru, ambalo nitalirudia. Chumvi imetiwa zaidi katika sababu. Masimulizi yaliyozoeleka humchora Meja Jenerali Percy Hobart kama nabii aliyekataliwa na wazee wapenda farasi, hadi vita vilipokuja kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Ukizifuata hatua za maisha yake kwa utulivu utaona mtu aliyekuwa sahihi katika mengi, aliyekosea katika jambo moja la msingi, na ambaye sifa yake kubwa kabisa ilitokana na kazi iliyokuwa karibu kinyume cha nadharia aliyoipigania kwa zaidi ya miaka kumi. Kazi hiyo aliiweza kwa sababu, kabla hajawa mtu wa vifaru, alikuwa mhandisi wa medani.

Hobart alizaliwa tarehe 14 Juni 1885 huko Naini Tal, India, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mama yake alitoka Tyrone, Ireland. Alisoma Clifton College mjini Bristol, kisha akaingia chuo cha kijeshi cha Woolwich, ambacho kazi yake ilikuwa kuwaandaa maofisa wa mizinga na wa uhandisi. Mwaka 1904 alipewa kamisheni katika Kikosi cha Wahandisi wa Kifalme, na baada ya muda akapelekwa India. Naomba uikumbuke asili hiyo. Mhandisi wa medani hufundishwa kujiuliza ni kitu gani kinachowazuia askari wenzake kusonga mbele, iwe mto, handaki, ukuta au mabomu yaliyotegwa ardhini, na kitaondolewaje huku risasi zikiendelea kulia.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia alipigana Ufaransa, na kwa ushujaa wake huko Neuve Chapelle mwaka 1915 alitunukiwa nishani ya Military Cross. Mwaka uliofuata alihamishiwa Mesopotamia, Iraki ya leo, akapata nishani nyingine, ile ya DSO. Huko huko yalimpata mambo ambayo waandishi wengi huyapita haraka. Mwezi Machi 1918, wakati wa mapigano ya Khan Baghdadi, ndege aliyopanda kwenda kuchunguza nafasi za adui ilitunguliwa, naye akatekwa na Waturuki pamoja na rubani wake, Luteni Kanali Tennant. Siku chache baadaye magari ya deraya (yaliyokingwa kwa chuma) ya Uingereza yaliwafukuza Waturuki kwa kasi katika barabara ya kuelekea Aleppo, yakawafikia na kuwakomboa mateka hao wawili. Sitaki kudai kwamba siku ile ndiyo iliyomgeuza kuwa muumini wa injini na chuma, lakini ni maofisa wachache wa kizazi chake waliowahi kuonja kwa nafsi zao maana ya kikosi chenye magari kupenya nyuma ya adui anayekimbia.

Mwaka 1923 aliacha uhandisi akahamia Kikosi cha Vifaru cha Kifalme, ambacho wakati huo kilikuwa kichanga na kisichokuwa na hakika ya kesho yake. Jeshi lilikuwa limerudia shughuli zake za zamani za kulinda koloni, fedha zilikuwa haba, na rejimenti za wapanda farasi zilikuwa bado na heshima kubwa pamoja na marafiki wengi bungeni. Hobart alikuwa amesoma hoja za waandishi wa nadharia za kivita kama J. F. C. Fuller na Basil Liddell Hart, akaamini kwamba vita vijavyo vitaamuliwa na vifaru vitakavyopenya haraka hadi kwenye makao makuu, maghala na njia za mawasiliano za adui. Alipelekwa kufundisha katika chuo cha ukamanda na unadhimu cha Quetta, ambacho leo kimo Pakistani, na huko alijijengea jina la mwalimu mkali mwenye akili nyingi.

Quetta ilimjengea pia uadui wa aina nyingine. Alihusiana na mke wa ofisa mwenzake, ndoa ile ikavunjika, na mwaka 1928 Hobart akamwoa mwanamke huyo. Katika jeshi la siku zile talaka ya namna hiyo ilikuwa aibu kubwa, hasa ofisa anapomchukulia mwenzake mke, na wapo waliokataa kumsamehe hadi mwisho wa maisha yao. Silitaji jambo hili kwa ajili ya umbea. Halikwepeki katika jibu lolote la kweli kwa swali lako, kwa kuwa watu waliokuja kuamua hatima yake miaka kumi baadaye walikuwa wakilijua. Mwaka mmoja kabla ya ndoa hiyo, dada yake Betty, aliyekuwa mjane, aliolewa na Bernard Montgomery. Betty alifariki mwaka 1937, lakini undugu ule wa mashemeji wawili wenye ndimi kali ulikuja kuwa na maana kubwa mwaka 1944.

Kipindi chake chenye rutuba zaidi kabla ya vita kilianza mwaka 1931 alipopewa ukamanda wa batalioni ya pili ya vifaru. Mwaka 1934 akawa kamanda wa kwanza wa Brigedi ya Kwanza ya Vifaru, brigedi ya kwanza ya kudumu ya aina yake nchini Uingereza. Katika uwanda wa Salisbury aliwafundisha maofisa wake kuongoza vifaru kwa redio vikiwa katika mwendo, kutawanyika na kukutana tena mahali palipopangwa, kusafiri usiku, na kulenga shabaha zilizo mbali nyuma ya mstari wa adui. Leo mambo hayo huonekana ya kawaida. Wakati ule kamanda wa vifaru alizoea kutoa amri kwa bendera, na amri ya redio iliyomfikia kila kiongozi wa kikosi kwa sekunde chache ilikuwa ni mapinduzi. Mwezi Septemba mwaka huohuo ilifanyika luteka karibu na Hungerford, ambamo brigedi ya Hobart iliwekwa chini ya kikosi mchanganyiko kilichoongozwa na George Lindsay. Masharti ya waamuzi yaliwabana mno, Hobart na mkubwa wake hawakuelewana kuhusu namna ya kuitumia brigedi, na luteka ikaisha kwa aibu. Waliokuwa na shaka na vifaru walipata hoja ya kusimamia kwa miaka kadhaa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu bila mipaka. Hobart aliamini kwamba vifaru vinaweza kujitosheleza karibu kwa kila jambo. Aliwatazama askari wa miguu na mizinga ya kawaida kama mzigo utakaovichelewesha. Alikuwa na sababu, kwa maana askari wa miguu wa Uingereza hawakuwa na magari ya kuwawezesha kwenda sambamba na vifaru, lakini hitimisho lake lilipita kiasi. Wajerumani, waliokuwa wakijenga divisheni zao za kwanza za vifaru mwaka 1935, walifuata njia ya kuunganisha vifaru, askari wa miguu waliopakiwa kwenye magari, wahandisi na mizinga ndani ya divisheni moja. Waingereza walihitaji miaka na maziko mengi katika jangwa la Libya kuligundua jambo hilo, na sehemu ya lawama iko kwa wanafunzi wa Hobart waliokimbiza vifaru vyao peke yao dhidi ya mizinga ya jenerali wa Kijerumani, Rommel.

Mwaka 1937 alipanda cheo kuwa meja jenerali na kupewa idara ya mafunzo katika Wizara ya Vita. Ilikuwa ni kazi ya kushawishi watu taratibu, na ushawishi wa taratibu haukuwa kipaji chake. Alipouona uzembe aliutaja kwa jina mbele ya mwenye nao. Mwezi Septemba 1938, wakati mgogoro wa Munich ukitishia kuwasha vita, alitumwa Misri akaunde divisheni ya magari na vifaru. Jenerali Gordon-Finlayson, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza huko, alimpokea kwa ubaridi usiofichika. Alikabidhiwa kundi la vikosi visivyolingana: batalioni za vifaru zenye upungufu wa zana, wapanda farasi walionyang'anywa farasi hivi karibuni, na rejimenti ya 11 ya Hussars iliyokuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce yaliyotengenezwa miaka ya 1920. Wenye mzaha walikuwa wamekipachika kikosi hicho majina ya dhihaka.

Kwa muda wa mwaka mmoja na ushei Hobart aliwapeleka jangwani tena na tena. Waliufahamu mwendo wa jangwa: kutafuta njia kwa dira na jua, kukaa mbalimbali ili ndege zisiwaone, kutengeneza gari palepale lilipoharibikia, kujaza mafuta usiku bila taa, na kuishi kwa maji machache. Novemba 1939, baada ya zoezi moja la divisheni, kamanda mpya wa Misri, Henry Maitland Wilson, alimwandikia Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Uingereza katika Mashariki ya Kati, kwamba hana imani na Hobart, akidai kwamba mbinu zake zimejengwa juu ya dhana kuwa kifaru hakishindiki na kwamba silaha nyingine anazipuuza. Wavell alikubali. Hobart alipoondoka, askari wake walijipanga barabarani kumshangilia.

Ukiniuliza ni sababu ipi kati ya hizi iliyomwangusha, nitakujibu kwamba haziwezi kutenganishwa. Hoja ya Wilson kuhusu mbinu ilikuwa na ukweli ndani yake. Chuki za talaka zilikuwapo. Tabia ya Hobart ya kuwadharau wasioelewa haraka ilimnyima watetezi katika saa ambayo mtetezi mmoja tu angetosha. Kosa la Wavell, kwa maoni yangu, lilikuwa kumstaafisha kabisa mtu aliyekuwa pengine mkufunzi bora wa vifaru katika dola nzima, wakati angeweza kumpangia kazi nyingine ya mafunzo.

Uthibitisho wa ufundi wake ulikuja mwaka mmoja baadaye, yeye akiwa hayupo. Divisheni ile, ambayo mwaka 1940 iliitwa Divisheni ya Saba ya Deraya na ikajulikana ulimwenguni kwa nembo yake ya panya wa jangwani, iliongoza mashambulizi yaliyoanza tarehe 9 Desemba 1940 dhidi ya Waitaliano. Mwezi Februari 1941 ilikata jangwa na kulifungia njia Jeshi la Kumi la Italia huko Beda Fomm, na wafungwa wa kampeni nzima wakafika takribani 130,000. Jenerali O'Connor, aliyeongoza kampeni hiyo, aliisifu kuwa divisheni iliyofundishwa vizuri kuliko zote alizowahi kuziona. Hata hivyo, ngome za Waitaliano za mwanzo zilivunjwa na vifaru vizito vya Matilda vikishirikiana na askari wa miguu wa Divisheni ya Nne ya India, ile ambayo katikati ya ushindi huo ilihamishiwa Sudan na Eritrea, huku askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka huku kwetu wakiwakabili Waitaliano kwa upande wa kusini. Kampeni ile ilimpa Hobart haki yake na ikamrekebisha kwa wakati uleule.

Yeye mwenyewe alikuwa amestaafishwa Machi 1940. Ujerumani ilipoivunja Ufaransa kwa vifaru mwezi Mei na hofu ya uvamizi ikaikumba Uingereza, alijiunga na mgambo wa Chipping Campden katika mkoa wa Gloucestershire, akapewa cheo cha koplo usu. Hapa simulizi haikutiwa chumvi, ila ikumbukwe kwamba hakudumu na cheo hicho, kwani alipandishwa upesi kusimamia eneo kubwa zaidi. Mwezi Agosti Liddell Hart aliandika gazetini kulalamikia vipaji vilivyotupwa, na Jenerali Pile, mtu wa vifaru wa siku nyingi, alimtaja Hobart mbele ya Churchill. Tarehe 19 Oktoba 1940 Churchill alimwandikia Jenerali Dill, mkuu wa jeshi la nchi kavu, kwamba chuki iliyopo dhidi ya Hobart katika duru fulani haimsumbui, kwa kuwa watu wenye nguvu ya nafsi na fikra mpya huamsha chuki. Nchi inapigania uhai wake, akasema, na haiwezi kuwapa vyeo maofisa wale tu ambao hawajawahi kusemwa vibaya.

Hobart hakurudi kwa unyenyekevu. Alitaka apewe mamlaka juu ya vikosi vyote vya deraya pamoja na kiti katika baraza la jeshi. Alinyimwa, na mwaka 1941 akakubali kuunda Divisheni ya 11 ya Deraya. Aliifundisha kwa ukali uleule, na divisheni hiyo ilikuja kuhesabiwa kati ya bora kabisa za Uingereza katika Ulaya ya Kaskazini Magharibi. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 57, aliugua, na madaktari wa jeshi wakaelekea kumzuia asiende vitani. Churchill aliingilia tena, ingawa safari hii hakupata yote aliyoyataka: Hobart aliiacha Divisheni ya 11 na kukabidhiwa nyingine mpya, ya 79. Machi 1943 Jenerali Alan Brooke, mkuu mpya wa jeshi, aliibadilisha kazi ya divisheni hiyo na kumwagiza aendeleze vifaru maalumu vya kuvunja ngome za pwani.

Sababu ya agizo hilo ilikuwa Dieppe. Tarehe 19 Agosti 1942 Wakanada walitua katika mji huo wa Ufaransa, na vifaru vyao, vya aina iliyoitwa Churchill kwa jina la waziri mkuu, vikakwama: vingine viliteleza juu ya kokoto za ufukwe hadi minyororo ikakatika, na vilivyoupanda ukuta wa bahari vilikuta barabara za mjini zimezibwa kwa zege. Wahandisi waliopaswa kuvilipua vizuizi walikuwa kwa miguu, na wengi waliuawa au kujeruhiwa kabla ya kuvifikia. Lilikuwa ni tatizo la mhandisi wa medani, lile alilofundishwa Hobart tangu ujana wake.

Sasa nijibu lile la ubunifu. Vifaru vya ajabu havikutoka kichwani mwa Hobart. Wazo la kumweka mhandisi ndani ya kifaru ili afanye kazi yake chini ya kinga ya chuma, lililozaa gari lililoitwa AVRE, lilitoka kwa luteni wa Kikanada, J. J. Denovan, baada ya Dieppe. Kifaru cha kuchapa ardhi kwa minyororo inayozunguka ili kulipua mabomu yaliyotegwa kilitokana na wazo la Abraham du Toit wa Afrika Kusini, na aina yake ya awali ilikuwa tayari imetumika El Alamein. Kifaru cha kuelea, kilichovishwa pazia la turubai na kusukumwa na rafadha, kilikuwa kazi ya Nicholas Straussler, mhandisi mzaliwa wa Hungaria.

Alichokifanya Hobart ni kile ambacho wabunifu hawakiwezi. Alizikusanya zana hizo chini ya amri moja, akazijaribu dhidi ya nakala za ngome za Wajerumani zilizojengwa Orford, akazikataa zisizofaa, akawalazimisha wahandisi na wapanda farasi wa zamani kufanya kazi katika kundi moja, na akawafundisha mfuatano wa vitendo hadi ukawa mazoea. Kifaru cha Crab, chenye minyororo 43 mbele yake, kilifyeka njia kwa mwendo wa kilomita 2 hivi kwa saa, taratibu kuliko mtu anayetembea. AVRE ilifuata ikiwa na kombora la kilo 18 la kubomoa zege kwa karibu, au mzigo wa fito za kujaza handaki, au daraja dogo. Wapelelezi walipogundua kwamba baadhi ya fukwe za Normandy zina udongo laini, jaribio lilifanywa Brancaster, kwenye pwani ya Norfolk yenye udongo wa namna hiyo, na ikatengenezwa AVRE ya kutandika zulia la turubai mbele ya magari. Kifaru cha Crocodile kilikokota tela la mafuta ya kuwaka na kurusha miali ya moto umbali wa mita 100 na zaidi.

Tarehe 6 Juni 1944 zana hizi zilitua katika fukwe za Normandy zilizopewa majina ya Gold, Juno na Sword. Hazikufaulu kila mahali, na nyingi ziliteketea, lakini katika fukwe hizo tatu njia za kutoka ufukweni zilianza kufunguliwa asubuhi ileile. Mara nyingi hulinganishwa na ufukwe wa Omaha, ambako Wamarekani walichukua vifaru vya kuelea tu na kuziacha zana nyingine. Ulinganisho huo unahitaji tahadhari. Omaha ilikuwa na miinuko mikali na watetezi wengi. Vifaru 27 kati ya 29 vya kuelea vya batalioni ya 741 vilizama baharini kwa sababu vilishushwa mbali na katika mawimbi makubwa. Na zana nyingi za Hobart zilikuwa za kifaru cha Churchill, ambacho Wamarekani hawakuwa na vipuri vyake wala wafanyakazi waliokifahamu. Crab na AVRE zingeokoa baadhi ya maisha pale. Anayesema kwamba zingeigeuza siku nzima anajua zaidi ya ushahidi uliopo.

Ushahidi bora zaidi wa kazi ya Hobart uko Le Havre. Kati ya tarehe 10 na 12 Septemba 1944 mji huo, uliozungushiwa handaki la kuzuia vifaru, mabomu ya ardhini na ngome za zege, ulianguka kwa muda wa saa 48 hivi, na Wajerumani zaidi ya 11,000 wakatekwa. Crab, AVRE na Crocodile zilitangulia, na askari wa miguu wakapita katika njia zilizofunguliwa. Yakafuata Boulogne, Calais, kisiwa cha Walcheren mwezi Novemba, na kuvuka mto Rhine mwezi Machi 1945 kwa magari ya Buffalo yanayokwenda majini na nchi kavu.

Divisheni ya 79 ilikuwa imekua hadi kufikia takribani watu 21,000 na magari ya deraya zaidi ya 1,500, ikawa kubwa kuliko divisheni yoyote ya Uingereza, na bado haikupigana hata siku moja kama divisheni. Iligawanywa kwa makundi madogo kwa kila aliyeihitaji, huku Hobart akiwa mshauri wa shemeji yake Montgomery, akisafiri kutoka makao makuu moja hadi nyingine kuhakikisha kwamba majenerali wa askari wa miguu hawazitumii zana zake kama vifaru vya kawaida. Mtu aliyeamini kwamba vifaru vinapaswa kwenda peke yao, vikiwa vingi na kwa kasi, alimaliza vita akivigawa vichache vichache, vya mwendo wa kobe, ili kumsaidia askari wa miguu avuke handaki. Aliifanya kazi hiyo kwa ustadi usio na mfano, na sijaona dalili kwamba ilimsononesha.

Alipewa heshima ya KBE, yaani cheo cha usir, mwaka 1943, akastaafu tena mwaka 1946, akahudumu kama naibu gavana wa Royal Hospital Chelsea kuanzia 1948 hadi 1953, na akafariki Farnham tarehe 19 Februari 1957. Divisheni ya 79 ilivunjwa mara tu vita vilipokwisha, ila kifaru cha mhandisi kilibaki katika jeshi la Uingereza, kikihamishwa kutoka umbo la Churchill kwenda Centurion, na AVRE za Centurion zilikuwa bado zinafanya kazi katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991.